Mama anasema kichwa kinawaka moto tangu tumzike mdogo wangu, vipimo vyote safi. Naombeni ushauri

Binti wa Chumbageni

Habari zenu wanajamvi. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnisome mpaka mwisho.

Tuko Tanga. Mama ana miaka 58. Miezi minane iliyopita mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa ajali ya bodaboda, akiwa na miaka 22. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama, na kila alfajiri alimbebea ndoo ya vitumbua mpaka kituoni. Mpaka leo mama anaamka saa kumi usiku, anawasha mkaa, anamimina kwenye chuma, halafu anakaa anavitazama tu. Vinaungua. Mara tatu sasa nimeamshwa na harufu ya moshi. Ukimwuliza anasema, "Kichwa kinawaka moto mwanangu, na hapa kifuani kama kuna kitu kinatambaa." Huzuni hataji. Jina la marehemu hataji.

Hospitali wamempima presha, sukari, malaria, mpaka kichwa kimepigwa picha. Tukaambiwa hana tatizo, tukapewa dawa za maumivu, tukarudi.

Mjomba anasema ni jini, na ameshapata mganga anayetaka laki nne na mbuzi mweusi. Dada yangu aliye Uingereza yeye akatafuta mwanasaikolojia wa kuongea na mama kwa video. Mswahili mwenzetu, mpole, nilimpenda. Akamwuliza, "Mama, unajisikiaje?" Mama akajibu, "Namshukuru Mungu, kichwa tu." Wakaendelea hivyo robo saa. Mwisho yule mshauri akamwambia afumbe macho, amwambie marehemu kitu ambacho kinamkasirisha kwake. Mama aliilaza simu kifudifudi kwenye mkeka, akaniambia, "Huyu anataka nimtukane mwanangu kaburini." Akaenda kutawadha.

Sasa naomba mnisaidie. Huo ushauri wa kisaikolojia unawafaa kweli watu kama mama, au tunalazimisha? Na mjomba nipigane naye?

Mzee wa Pongwe

Pole sana mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu kijana na ampe mama subira. Wenye ujuzi watakuja, usiondoke hapa.

Mnasihi Dodoma

Dada, pole sana. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha miaka 14, wengi niliokaa nao ni wa umri wa mama.

Kabla ya yote: mkiwa wawili tu, mwulize kama kuna wakati anatamani asiamke tena, au amfuate mwanawe. Usiogope. Kumwuliza mtu hivyo hakumpi wazo ambalo hana, mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, au akiacha kula na kunywa, usisubiri ushauri wa hapa. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Sasa hilo la kichwa kuwaka moto. Mama ameshakwambia kinachomuuma, amekisema kwa mwili. Si yeye peke yake. Wazimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Wanyarwanda waliopita kwenye mauaji ya 1994 wana neno lao, ihahamuka, ambalo ndani yake kuna habari ya pumzi kukatika. Mganga wa hospitali akiuliza tu "una huzuni?" na mgonjwa akajibu "hapana, kichwa", ameuliza kwa lugha isiyo ya mgonjwa.

Miaka ya mwanzoni mwa 2000 watafiti walikwenda Rakai na Masaka, Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umemaliza familia. Kwanza waliwauliza wenyeji haya maumivu mnayaitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa, mtu kujichukia mwenyewe, na okwekubaziga, kujihurumia. Hapo ndipo wakaanzisha vikundi vya mazungumzo ya kutibu, wanawake kivyao na wanaume kivyao, vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Kabla ya vikundi, 86% ya waliojiunga walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Baadaye walibaki 6.5%. Vijiji ambavyo havikupata vikundi walitoka 94% wakabaki karibu 55%.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu ya kilichompata mama. Matibabu yale yalitungwa Marekani, na moja ya mambo ambayo mfiwa huulizwa ni yale mabaya ya marehemu, maana pendo na hasira huenda pamoja. Waganda waliokuwa wakifundishwa wakasema kwao marehemu hasemwi vibaya. Haikusemwa basi hawa hawatibiki. Swali likageuzwa, mfiwa akaulizwa kuhusu nyakati ambazo mambo hayakwenda kama alivyotaka walipokuwa pamoja. Kazi ni ile ile, ila mlango mwingine. Kwa hiyo yule mshauri wenu hakukosea nia. Alibeba swali lilivyoandikwa kitabuni akampa mama wa Kitanga bila kuligeuza. Mama hajakataa ushauri, amekataa kumvunjia mwanawe heshima.

Fundi Seremala

Mimi nitasema tofauti kidogo na nisieleweke vibaya. Mama yangu naye alifiwa, na hakuhitaji mwanasaikolojia. Alihitaji watu. Siku za msiba nyumba ilijaa, matanga, khitma, majirani wanapika. Ilipopita arobaini kila mtu akashika njia yake, akabaki mwenyewe na kuta. Zamani shangazi alihamia kabisa miezi kadhaa. Leo tunamtumia mtu pesa kwenye simu na kumwambia apige moyo konde. Halafu tunaleta mtu wa video.

Mnasihi Dodoma

Ndugu Fundi, hatupingani. Harare, mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda hakuwa na wataalamu wa kumtosha, akafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mgonjwa anakaa pembeni, anaeleza, wanashika tatizo moja na kutafuta hatua moja inayowezekana wiki hiyo. Mwanzoni alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hapo hatakaa mtu. Likaitwa Benchi la Urafiki. Mwaka 2016 majibu ya utafiti wa watu 573 yalionyesha waliokaa kwenye benchi walipona vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Limefika mpaka Zanzibar.

Ila tofauti ipo kati ya bibi yule na jirani anayekwambia "jikaze". Yule amefundishwa kunyamaza, kuuliza, na kujua nani apelekwe hospitali haraka. Upendo peke yake haukufundishi hilo.

Ustadh wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Binti, niko Unguja, nasomea watu ruqya, yaani kisomo cha Qur'ani cha kutibu, nitasema ninayoyajua.

Kuna mtu kamwambia mama siku tatu za msiba zimekwisha, kulia zaidi ni kumkosea Mola? Nauliza kwa sababu hilo nalisikia kila wiki, na ndilo linalowafunga midomo mama zetu. Mwambieni mama kuwa Nabii Yakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Mungu hakumwita mkosefu. Mtume wetu, mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, alitokwa na machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Machozi hayana siku tatu.

Kuhusu mjomba, usipigane naye. Anamhangaikia dada yake kwa njia anayoijua. Mama akipenda kusomewa asomewe, akipenda kunywa kombe anywe, na kliniki aende. Lakini mtu yeyote atakayesema "acha dawa za hospitali", au akamchapa au kumfunga mtu kwa jina la kutoa jini, ondokeni hapo hapo. Na laki nne na mbuzi mweusi, sisi tuliosoma hatuujui msingi wake.

Mwana Kivu

Dada, pole kabisa. Mimi niko kambi ya Nakivale, Uganda, nilitoka Kivu ya Kusini mwaka 2012. Sitaeleza niliyoyaona. Kwa miaka minne nilikuwa naamka usiku nimeshika panga na watoto wangu wanalia.

Mshauri alikuwa mkimbizi kama mimi, tunaongea Kiswahili. Aliweka kamba chini, akasema huu ni uhai wako tangu kuzaliwa. Akanipa maua na mawe. Kila jambo zuri weka ua, kila jambo baya weka jiwe, dogo au kubwa. Mimi nilifikiri nitakuwa na mawe tu. Nikaweka ua la siku babu alinipa mbuzi wa kwanza, nikalia kwa ajili ya hilo ua kuliko mawe yote. Halafu wiki baada ya wiki tukasimulia jiwe moja moja kwa utaratibu, yeye anaandika, ananisomea tena, mpaka habari ikapata mwanzo na mwisho. Njia hiyo ilijaribiwa hapa hapa Nakivale kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, majibu yakatoka 2008.

Lakini usimfanyie mama hivyo nyumbani peke yako. Jiwe likifunguliwa bila mtu anayejua, linamwangukia. Na mama wako labda haihitaji. Yangu ilikuwa kiwewe cha vita, yake ni majonzi.

Mnasihi Dodoma

Mwana Kivu, asante kwa kutuamini na habari yako. Na umesema neno kubwa mwishoni. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 umeyatenga majonzi yaliyoganda na kiwewe, na umeyatenga na sonona pia. Sharti lake ni miezi 6 au zaidi, na yawe yamepita kiasi cha mila na dini ya mfiwa mwenyewe. Yaani mtaalamu anatakiwa aulize kwenu mfiwa hukaaje.

Baba wa Kijana

Naomba niongeze jambo moja maana nisipolisema nitajilaumu. Mwanangu alianza kusikia sauti akiwa na miaka 19. Wote walinipa ushauri mzuri kama huu, kaa naye, msikilize, mwombee. Nilimsikiliza mwaka mzima. Nilimpeleka kwa mganga, nikampeleka kwenye maombi, akawa anakataa kula chakula chetu akidhani tuna sumu. Alipopata dawa na kuzimeza bila kukatisha, ndipo alipoweza kukaa na mshauri na kuelewana naye. Leo ana genge lake la mboga.

Yapo maradhi ya kuanza na mazungumzo na yapo ya kuanza na dawa. Mtu akianza kusikia au kuona visivyokuwepo, au akikaa siku hazihesabiki bila kulala na bila kuchoka, wahini daktari wa magonjwa ya akili.

Mnasihi Dodoma

Kweli kabisa. Na hata sonona ikiwa nzito dawa zipo. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi, kumbe huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na haziachwi ghafla.

Binti, hospitali ya rufaa ya mkoa uliza kliniki ya afya ya akili. Nenda na mtu ambaye mama anamheshimu, mdogo wake au shoga yake.

Binti wa Chumbageni

Mrejesho wanajamvi. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika.

Jana usiku nilimwuliza lile swali. Nilikuwa natetemeka. Akanitazama sana, akasema, "Natamani nimwone. Kufa sitaki, nani atasimama kwenye harusi yako?" Nikamsomea maneno ya Ustadh kuhusu Yakub, kwenye simu hapa hapa. Akayarudia polepole, macho meupe. Halafu akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza akamtaja mdogo wangu kwa jina.

Akaniambia kitu ambacho hakuna aliyekijua. Asubuhi ile mdogo wangu alisema amechoka, ngoja apumzike kidogo. Mama akamwambia afanye haraka, vitumbua vinapoa. Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Ustadh, ndiyo, kuna jirani alimwambia hilo la siku tatu, siku ya nne tu ya msiba.

Mjomba nimeongea naye kwa adabu. Amekubali mbuzi asubiri, na ameomba twende wote kliniki Jumatatu. Mama mdogo anakuja Jumapili kutoka Muheza, anasema atakaa mpaka Ramadhani. Leo alfajiri niliamka nikakaa jikoni na mama. Vinne vya kwanza viliungua tukiongea.

Mnasihi, nikifika kliniki nianze kusema nini, kichwa au msiba?

Mnasihi Dodoma

Mwache mama aanze mwenyewe, na akianza na kichwa usimrekebishe. Kinawaka moto, kifuani kinatambaa, vile vile anavyosema. Mhudumu akiuliza vimeanza lini, nyamaza, mpe mama nafasi. Akishindwa kabisa, ndipo useme kuna mtoto tulimzika. Lile la "fanya haraka" usilitoe wewe. Hilo amekukabidhi wewe, atamwambia mshauri siku atakayotaka.