Naomba ushauri: WSO2, webMethods au MuleSoft (programu za kuunganisha mifumo) kwa kusimamia huduma za mifumo?

Wakuu, habari za kazi.

Niko TEHAMA kwenye kampuni ya bima hapa Dar. Mifumo yetu inaongea kupitia huduma nyingi, nyingine za mtindo wa zamani wa SOAP, nyingine za mtindo mwepesi wa REST, na hakuna sajili inayoonyesha nani anamiliki ipi, toleo gani linatumika na nani ataumia ikizimwa. Timu moja ikigusa WSDL (faili inayoeleza jinsi ya kuita huduma ya SOAP), madai ya wateja yanakwama na lawama zinazunguka ofisi nzima.

Bosi anataka mapendekezo. webMethods pamoja na CentraSite, sajili yake ya huduma, naona imekaa kiutawala hasa: sajili, sera, na hatua za huduma tangu inabuniwa hadi inastaafishwa. Ila IBM waliinunua webMethods kutoka Software AG mwaka 2024, na wao tayari wana API Connect, bidhaa yao wenyewe ya kusimamia API (njia za mifumo kuongea). Ipi itaendelea kutunzwa? WSO2 msimbo wake ni huria, leseni ya Apache 2.0, hivyo naweza kuijaribu bila kuomba kibali cha fedha. MuleSoft, ya Salesforce tangu 2018, ni nzuri ila leseni ya dola kwa bajeti ya shilingi, mh!

Aliyeendesha WSO2 kwenye seva zake mwenyewe: inahitaji timu kubwa kiasi gani? SOAP inazibeba bila usumbufu? Na mlianza na sajili au geti la API, yaani mlango ambao maombi kwa huduma hupitia? Mimi naegemea sajili, maana geti kazi yake ni kudhibiti maombi yanayopita, halitakuambia huduma ni ya nani.

Tafadhali msiniambie nitumie Excel. Ipo, na hakuna anayeijaza.