Mrejesho: supu ya bekoni, kabichi na viazi sasa imekubali

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini supu yangu ya bekoni, kabichi na viazi ilitoka na chumvi ya kuchoma ulimi, na kabichi imelegea kama matambara. Jana nimerudia, nikafuata mlivyonielekeza.

Bekoni gramu 200 nilikata vipande vidogo, nikaviweka kwenye sufuria kabla haijapata moto, bila tone la mafuta, halafu moto mdogo. Kama dakika nane mafuta yakajitoa yenyewe, vipande vikakauka. Nikaviopoa, nikabakiza vijiko viwili tu vya mafuta, humo nikakaanga kitunguu na karoti. Nikamwagia maji kidogo na kukwangua kwa mwiko ule ukoko wa kahawia ulioganda chini. Kumbe ndiko utamu ulikojificha, na mimi siku zote nilikuwa nauosha!

Kisha viazi vinne vikubwa, maji lita moja na nusu. Chumvi sikugusa, maana bekoni inakuja nayo tayari, na kile kidonge cha mchuzi cha mara ya kwanza nimekiacha kabatini. Viazi vilipoiva nikaponda viwili humo humo, supu ikawa nzito bila unga. Kabichi iliingia dakika kumi za mwisho.

Mume wangu, aliyeikimbia ile ya kwanza, kamaliza bakuli mbili. Aliyeshauri siki kidogo mwishoni, ubarikiwe. Kiporo cha leo asubuhi ni kitamu zaidi, ila bekoni niliyonyunyizia juu imelainika. Safari ijayo naiweka pembeni.