Joto chini ya boneti: Forester ya turbo, Kisumu hadi Mau Summit

Nyalenda_XT
Wakuu, habari zenu. Gari ni Forester SG5 ya 2004, injini ya EJ20 yenye turbo, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ingali ile ya juu ya injini. Asubuhi inavuta vizuri. Ikikaa kwenye foleni ya Kondele dakika 20, au ikipanda kutoka Awasi kwenda Kericho saa saba mchana, nguvu zinapungua na boneti haiguziki kwa kiganja. Mshale wa joto kwenye dashibodi hausogei. Simu ikiunganishwa na OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) inaonyesha hewa inayoingia ina digrii 58. Nimeshauriwa kufunga ekzosi yote kwa kitambaa cha joto na kuinua boneti nyuma kwa washa (vipete vya chuma vya kuwekwa chini ya bawaba). Nianzie wapi?

FundiLanet
Anzia kwenye hiyo 58. Sensa ya joto la hewa katika gari hili imo ndani ya MAF (sensa inayopima hewa inayoingia injini), karibu na kisanduku cha filta, yaani kabla ya turbo. Haikwambii lolote kuhusu intakula. Inakwambia injini inavuta hewa iliyokwisha kupashwa chini ya boneti. Endesha 80 kwa dakika tano barabara ya Ahero, tambarare kabisa. Namba isipokaribia joto la nje, tafuta bomba la kuvutia hewa kutoka mbele. Mara nyingi hung'olewa radieta ikibadilishwa, halirudishwi tena.

Kisha sponji inayozunguka intakula. Ikiliwa, upepo wa pua ya boneti (tundu la juu la kuingizia hewa) unapita kando badala ya kupenya. Paka chaki nyeupe juu ya sponji, funga boneti, ifungue. Alama ya chaki iwe imezunguka yote upande wa ndani wa boneti. Palipokatika ndipo upepo unapotorokea. Bandika sponji nzito isiyonywa maji. Mapezi ya intakula yaliyolala yanyooshe kwa koleo jembamba, moja baada ya jingine, kisha osha kwa sabuni na maji ya shinikizo dogo. Ukikuta oili ndani ya intakula, isafishe na uikaushe kabisa kabla ya kuirudisha.

Kwenye foleni lakini, hata intakula mpya itapashwa na injini, maana hakuna upepo. Hiyo ndiyo kasoro ya kuikalisha hapo. Ukitoka Kondele usikanyage hadi chini mara moja. Ipe kilomita moja ya mwendo.

Boxer_Londiani
Mshale wa dashibodi usiuamini, umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda digrii kadhaa. Soma joto la kulanti (maji ya kupoza injini) kwenye simu. Thamostati (vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye radieta) huanza kufunguka karibu digrii 78, feni huwaka karibu 95. Ikipita 100 kwenye mlima na kuendelea kupanda, shida ni radieta, feni au kifuniko, wala si turbo.

Kifuniko cha radieta ndicho watu hukidharau. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 maji matupu huchemka karibu digrii 92. Kifuniko kizima cha bar 1.1 huyasogeza hadi karibu 118, na kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa huongeza tena. Springi ikichoka, maji yanachemka kwenye joto la kawaida la kazi, ndipo unasikia yakigugumia kwenye tangi la ziada. Turbo hii ina vifuniko viwili, kimoja kwenye radieta na kingine kwenye kitangi cha juu karibu na turbo. Havifanani, usivibadilishane. Ukijaza kulanti, jazia kitangi cha juu.

FundiLanet
Kuhusu kitambaa: kwanza hakikisha tapeti kava (vifuniko vya vali) hazivuji. Kwenye injini za EJ oili hudondokea manifoldi za ekzosi. Kitambaa kikiinywa, umetengeneza utambi wa moto. Kikilowa tope na maji kila siku, bomba linaoza kwa ndani bila wewe kuona. Funga daunpaipu (bomba la ekzosi linaloshuka kutoka kwenye turbo) peke yake: utepe wa upana wa mm 50, kila mzunguko ulalie uliotangulia mm 6, ukaze kwa vibano vya chuma kisichoshika kutu. Bomba la mm 60 hula karibu mita 4.5 za utepe kwa kila mita. Vaa glavu na barakoa. Itafuka moshi mara ya kwanza, hiyo ni kawaida. Sensa ya oksijeni usiizibe.

Turbo yenyewe ipe kinga yake ya bati ya kiwandani, na uache nafasi ya hewa. Hapo penye usukani wa kulia, masta silinda ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki) iko upande uleule wa turbo. Bati likikosekana, mafuta ya breki yanapikwa. Yabadilishe kila miaka miwili.

Zile washa za kuinua boneti usiweke. Gari likikimbia, upepo hujazana chini ya kioo cha mbele, kwa hivyo unaingia badala ya kutoka. Isitoshe, hapo ndipo kabini inapovutia hewa, utavuta harufu ya oili.

Nyalenda_XT
Asanteni sana. Chaki imekatika upande wa dereva, karibu sentimita 15. Pia plastiki ya chini ya injini haipo.

Boxer_Londiani
Irudishe hiyo. Bila plastiki, upepo wa chini ya gari unajaza nafasi ambamo hewa ya moto ingeshuka nyuma ya injini, na unaopita radieta unapungua. Ukichongesha ya alumini ya mm 1.5, iishie mbele ya giaboksi, na uiachie tundu la kumwagia oili.