Randa ya mzee wa reli au mpya ya dukani? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Wanajamvi, habari za jioni. Nina pesa ya randa moja na randa ziko mbili. Moja ni ya kampuni ya Stanley, namba 5, ya mzee aliyestaafu karakana ya reli hapa Moro, ya mwaka 1910, anataka 120,000. Nyingine ni namba 4 mpya, iko duka la vifaa karibu na Msamvu, 85,000, bado imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Mzee kanipa mpaka Jumamosi, baada ya hapo anampa mpwa wake. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Mbao Mbili (Ilala)
Mkuu, umeuliza kama mtu aliyefika stendi akaomba tiketi bila kusema anakwenda wapi. Unapiga randa mbao gani, paini au mninga? Unatengeneza milango au vigoda? Namba 5 ina inchi 14, namba 4 ina inchi 9 na ushee. Ya kwanza ya kunyoosha ubao, ya pili ya kulainisha mwishoni. Hazishindani hizo. Picha hakuna, mbao hujataja. Na kubwa zaidi: una randa ngapi tayari nyumbani?

Mwana wa Keko
Chukua randa ya umeme, umalize kazi ulale. Mimi natoa vitanda vya watu, mteja hajawahi kuniuliza ubao wake umepigwa na randa ya mwaka gani.

Mbao Mbili (Ilala)
Na umeme ukikatika?

Mwana wa Keko
Ukikatika nanywa chai.

Dada Maranda (Arusha)
Kaka Kinoo, ngoja nikueleze yaliyonikuta na mpya, kisha uamue mwenyewe.

Mwaka juzi nilinunua randa mpya, jina la kampuni nalihifadhi. Inang'aa, mpini mwekundu, unaona uso wako kwenye ubavu wake. Nikaipeleka kwenye ubao wa mninga. Mbele ikakamata, nyuma ikapita hewani. Nikaweka rula ya chuma chini yake na kuielekeza dirishani: mwanga unapita katikati ningeweza kuchomeka kadi ya simu. Nikasema sawa, nitainyoosha. Nikachukua kioo cha meza ya sebuleni, nikabandika msasa namba 80, nikachora mistari ya penseli chini ya randa yote, nikaanza kusugua. Siku ya kwanza mistari ya mbele na ya nyuma ikafutika, ya katikati iko vilevile. Siku ya pili msasa umekwisha, nimenunua mwingine. Siku ya tatu mume wangu akaja na wageni kutoka Moshi, sebule haina meza, kioo kiko uani kimejaa vumbi jeusi, na mimi nimevaa kanga moja nasugua chuma. Shemeji mkubwa akauliza kama kuna msiba.

Siku ya nne ikanyooka. Nikafurahi, nikanoa kisu, nikarudi kwenye mninga uleule. Nilipofika kwenye fundo nikasikia *tik*. Makali yalikuwa yamemeguka kipande cha punje ya mchele. Nikanoa upya, fundo la pili, *tik*. Chuma chenyewe kilikuwa hakijapashwa vizuri. Kisu kikiwa kibovu utanyoosha chini mpaka Pasaka na hupati kitu.

Kwa hiyo swali langu ni moja tu: hiyo ya mzee, kisu chake kimebaki urefu gani kutoka kwenye tundu lake mpaka kwenye makali? Hilo ndilo la kuuliza, si mwaka.

Ankali Sheffield (Uingereza)
Dada Maranda kasema kweli tupu. Ila mwaka nao una mambo yake. Kinoo, hiyo 1910 umeiona wapi? Kama ni nyuma ya kile kiti cha chuma kinachobeba kisu, pameandikwa APR-19-10, hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, si ya kuzaliwa kwa randa. Zikiwepo tatu, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, basi ni ya New Britain, Connecticut, kati ya 1910 na 1918 hivi. Tazama na mpini pia: za Marekani za zamani hizo ni mti mwekundu mzito, na kitufe cha mbele ni kifupi kama kifuniko cha birika.

Reli ya Kati (Tabora)
Hapa mimi napinga kidogo. Reli ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, wakati wa Mjerumani. Fundi wa Mjerumani alikuja na randa zake za mbao kutoka kwao. Ya Mmarekani ya 1910 ingeingiaje karakana ile? Nadhani ni ya wakati wa Mwingereza, baada ya vita.

Ankali Sheffield (Uingereza)
Inawezekana kabisa. Mwambie Kinoo aangalie kama pana "Made in England". Stanley walianza kutengeneza randa hapa Sheffield mwishoni mwa miaka ya 1930.

Jua Kali Damu (Nairobi)
Jameni, kwani lazima iwe Stanley? Hapa Gikomba mzee anakuuzia randa ya mti, mwili wake amechonga mwenyewe, kisu ni springi ya gari iliyofuliwa Kamukunji. Inakata vizuri kuliko hiyo ya rafu. Patasi zangu zote ni za springi. Nilizipata kwa bei ya chakula cha wiki moja, na hakuna aliyekuja kuniuliza tarehe ya hataza.

Fundi Tezo (Lamu)
Na huku kwetu jahazi huundwa kwa tezo (kishoka cha kuchongea), msumeno, nyundo na keke, ile ya kuvuta na upinde. Ubao wa ubavu unalainishwa kwa tezo mpaka ukiupapasa hujui kama haukupigwa randa. Marehemu babu alikuwa na tezo tano na kila moja alikuwa na neno la kuielezea. Nimezirithi zote. Mke wangu aliniuliza kwa nini tezo zina sanduku lenye kufuli na vitambulisho vyetu viko kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia vitambulisho vikipotea serikali itatoa vingine.

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Ahsanteni wote. Nijibu kwa mpangilio. Mbao ni mkongo na mninga. Natengeneza masanduku ya kuwekea vifaa. Kisu cha randa ya mzee sijakipima, nilishika tu nikasahau kuuliza. Tarehe aliniambia mzee, mimi sikuitazama. Kuhusu ninazo ngapi, ninazo 14. Tatu hazina visu.

Mbao Mbili (Ilala)
KUMI NA NNE.

Mwana wa Keko
Na masanduku unayotengeneza ni ya kuwekea hizo randa 14?

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Ndiyo. Na patasi.

Dada Maranda (Arusha)
Nakuelewa kabisa, kaka. Mimi ninazo tisa na misumeno sita, na najua kila mmoja ulivyonijia. Hebu zitaje.

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Namba 3 moja. Namba 4 ziko tano, moja ya kampuni ya Record, ya rangi ya buluu, ile naipenda sana. Namba 4½ moja, ni pana kidogo. Namba 5 mbili. Namba 7 moja, inchi 22, naiweka chini ya kitanda kwa sababu haiingii kwenye kabati. Ndogo za mkono mmoja tatu. Na moja ya mti, alinipa baba. Namba 6 sina. Namba 8 sijawahi kuiona kwa macho.

Siku nilipoleta namba 7 niliiingiza ndani ya kiroba cha unga wa sembe ili isionekane. Mama watoto akafungua kiroba apike ugali. Aliitoa, akaifuta unga kwa kitenge chake, akaiweka mezani, akasema, "Hii nayo inahitaji kulala, au ile ya juzi bado haijalala?" Tangu siku ile ananisaidia kuzipaka mafuta kila mwisho wa mwezi, na anajua kutofautisha 4 na 4½ kuliko mimi.

Mbao Mbili (Ilala)
Sasa kama namba 5 unazo mbili, ya tatu ya nini?

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Moja kisu kimenolewa kwa duara kidogo, ya kutoa nyama nyingi. Ya pili iko sawasawa. Ya tatu ni ya mzee. Amefanya nayo kazi kwenye mabehewa miaka mingi, mpini umelika pale kidole gumba kinapokaa. Nilipoishika kidole changu kiliingia palepale.

Ankali Sheffield (Uingereza)
Hapo sina la kupinga.

Niwaambie na yangu. Huku masoko ya Jumapili randa hizi watu wanazitandika chini kwenye nyasi, chafu, zimejaa kutu, bei yake ni ya sahani mbili za chipsi na samaki. Mwaka jana nilikwenda Tanga kusalimia. Mzigo ni kilo 23. Nilipakia randa sita, kila moja kilo mbili na zaidi kidogo, patasi kumi na mbili na msumeno mmoja wa Disston uliolala mlalo chini ya mashati. Uwanjani walinifungulia sanduku mara mbili. Afisa wa kwanza aliita mwenzake, mwenzake akaita mwenzake, na yule wa tatu alikuwa mtoto wa seremala, akanifungia vizuri kuliko nilivyofunga mimi. Nimefika nyumbani ukumbi umejaa, wapwa wamekaa kwenye mkeka wanasubiri viatu. Nikafungua sanduku. Kimya. Shangazi akashika namba 5, akaigeuza, akauliza, "Hii inavaliwaje?" Kesho yake nilikwenda nao sokoni wote, nikawanunulia viatu Ngamiani. Lakini mpwa wa katikati, ana miaka kumi na mbili, aliomba patasi badala ya viatu. Huyo ndiye atakayerithi.

Jua Kali Damu (Nairobi)
Huyo kijana mpeni na kinoo.

Mwana wa Keko
Kutu mnaitoaje? Nina moja ya marehemu mjomba, imeshika kutu mpaka kisu hakitoki.

Dada Maranda (Arusha)
Siki, usiku mmoja, halafu brashi ya waya, halafu uioshe na maji yenye magadi, uikaushe juani, uipake mafuta hapohapo. Usiiache kwenye siki siku tatu, itakula na chuma kizima. Skurubu zilizoganda weka mafuta ya taa kwanza, usizilazimishe.

Fundi Tezo (Lamu)
Na usitumie sufuria ya nyumbani. Nasema kwa uzoefu. Nilitumia sufuria kubwa ya pilau ya mama mkwe, ya alumini. Ilitoboka vitundu kama chujio. Nilinunua mpya siku tatu kabla ya Maulidi na bado haijasahaulika.

Reli ya Kati (Tabora)
Kinoo, kabla hujatoa hela, ining'inize ile randa kwa kidole, kisu kikiwa kimetolewa, uigonge na mpini wa bisibisi. Chuma cha kusubu kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Angalia hasa pembeni mwa mdomo, pale kisu kinapotokea. Ufa pale kuchomelea ni shida, mtu wa kuchomelea milango ya chuma atakuharibia tu.

Mbao Mbili (Ilala)
Mimi bado nasema mtu mwenye 14 anunue kinoo kizuri, si randa. Jina lake lenyewe Kinoo Kikavu.

Mwana wa Keko
Bei ya kinoo kizuri ni ngapi siku hizi?

Mbao Mbili (Ilala)
Inategemea. Cha maji au cha mafuta?

Jua Kali Damu (Nairobi)
Cha mafuta. Cha maji kinaisha haraka, kinatengeneza bonde katikati.

Dada Maranda (Arusha)
Bonde linatoka ukikisugua kwenye msasa juu ya kioo. Cha maji kinanoa haraka mara mbili. Tusianze hili leo.

Jua Kali Damu (Nairobi)
Ni wewe umeanza, dada.

Kinoo Kikavu (Morogoro)
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikwenda kwa mzee. Ankali, uko sahihi, pameandikwa Made in England, tarehe hamna hata moja. Reli ya Kati, niliigonga, inalia vizuri. Dada Maranda, kisu kimebaki kama inchi moja na nusu chini ya tundu, kitanizika mimi na kinoo changu.

Nikatoa pesa. Mzee hakuzipokea. Alileta ubao wa mkongo futi tatu, akaufunga kwenye jiriwa, akasema, "Piga." Nikapiga. Maranda yakatoka mazito, yamekatikakatika kama majani ya chai. Akaitoa randa mkononi mwangu, akageuza ile skurubu ya nyuma kiasi cha robo, akapiga mkono mmoja. Likatoka ganda moja refu la mbao kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, jembamba, nililishika nikaona vidole vyangu upande wa pili. Akalikunja akaniwekea mfuko wa shati.

Kisha akasema mpwa hana haraka, nirudi Jumamosi ijayo na kisu kimojawapo cha nyumbani, nikiwa nimekinoa mwenyewe. Akikikubali tutaongea bei.

Sasa naombeni: cha maji au cha mafuta?