Softiboksi (boksi la kulainisha mwanga wa flashi) ya boksi la katoni, mnatengenezaje?

Wadau habari zenu, nipo Tanga huku Ngamiani napiga picha za harusi, nikielekeza flashi moja kwa moja bi harusi paji linang'aa kama kapakwa mafuta na nyuma ukutani kivuli cheusi tii, softiboksi ya dukani kwa sasa siiwezi, nina maboksi na foili, nianzie wapi?

Jibu: Mkuu tafuta boksi lenye mdomo mpana, sentimita 50 hivi, ndani bandika foili uliyoikunjakunja kwanza, mbele funga shuka jeupe. Jeupe kabisa lakini, la krimu ngozi inatoka njano. Na shuka lisigusane na flashi, inachemka ile.

Jibu: Mie natumia ungo. Nimeugandishia karatasi nyeupe, dogo anaushika, flashi naielekeza kwenye ungo, mwanga unamrudia mtu, laini mno. Usogeze karibu, wengi hapo ndo wanakosea, ukiuweka mbali mara mbili mwanga unabaki robo na kivuli kinarudi kuwa kikali.

Muulizaji: Shukrani sana. Nimejaribu boksi jioni hii kwa mdogo wangu, kivuli cha pua kimelainika kweli ila shuka zito linakula mwanga, nimepandisha nguvu ya flashi toka robo hadi nusu. Jumamosi naenda na ungo.