Mrejesho: Kile kiprogramu cha kuonyesha muda tangu kompyuta iwashwe

Wakuu, mtakumbuka nililalamika kwamba kiprogramu changu kinasema kompyuta imewaka siku 11, wakati kila jioni naizima mwenyewe kabla sijafunga steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilikesha nikikagua hesabu ya kugawa milisekunde ziwe siku, saa na dakika. Kumbe hesabu haikuwa na kosa.

Aliyesema nikaangalie uwashaji wa haraka (Fast Startup) alipiga penyewe. Kuanzia Windows 8, mpangilio huo ukiwa umewezeshwa, ukiizima kompyuta kiini cha mfumo kinalazwa kwenye diski, kesho yake kinaamshwa, na kaunta ya muda haianzi upya. Nikajaribu: kuzima na kuwasha, bado siku 11. Nikachagua kuwasha upya, ikasoma dakika 1! Mpangilio wenyewe sijauondoa. Kwa baridi hii ya Juni, mimi na mashine wote tunaamka kwa shida.

Jingine, nimeachana na GetTickCount, ile amri ya Windows inayorudisha milisekunde tangu mfumo uwashwe. Namba yake ya biti 32 inajaa baada ya siku 49.7 hivi na kurudi sifuri. Sasa natumia GetTickCount64, yenye namba ya biti 64.

Kidirisha cha kiprogramu kinakaa chini kulia, juu ya saa ya kompyuta. Juzi nimerudi kutoka sokoni, dogo wa dukani akaapa umeme haukukatika. Nikachungulia: "Siku 0, saa 0, dakika 14." Akacheka, akaenda kuchapa upya barua ya mteja ambayo hakuihifadhi.