Nyanya za bibi zinanyauka zikiwa na majani mabichi, naombeni msaada

Mama wa Buswelu
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa tano mama alinitumia kutoka Ukerewe mbegu za nyanya alizoachiwa na bibi, zile kubwa zenye mikunjo kama kiboga, ukikata ni nyekundu mpaka katikati. Sokoni siku hizi sizioni, zimejaa zile ngumu za kusafirisha. Nilipanda miche 11 nyuma ya nyumba, palipokuwa na bilinganya. Ilistawi vizuri mpaka ikaanza kuweka maua. Sasa jua likiwaka mche unalegea, jioni unasimama tena, baada ya siku tatu nne umekufa na majani bado ya kijani! Namwagilia asubuhi na jioni. Imebaki 4, na mbegu niliotesha zote. Sitaki ipotelee mikononi mwangu.

Kijana wa Nyegezi
Majani ya chini yalianza kuwa ya njano? Yangu yalikuwa hivyo, ikawa mnyauko wa fangasi.

Mkulima Igombe
Pole sana dada. Usiongeze maji. Ng'oa mche uliokufa leo, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kishikilie ncha iguse maji safi kwenye glasi, usitikise. Ukiona kitu cheupe kinashuka kama uzi wa moshi, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, usije ukauziwa chupa dukani.

Mama wa Buswelu
Njano haikuwepo. Nimejaribu sasa hivi, uzi umeshuka kabisa, maji yamekuwa kama yaliyooshea mchele. Nimeumia jamani.

Mkulima Igombe
Basi ndiyo wenyewe, na unakaa kwenye udongo. Bilinganya ni ndugu wa nyanya, pamoja na ngogwe, pilipili na viazi mviringo. Hapo weka mahindi, jamii hiyo isirudi kwa miaka kadhaa. Wagonjwa ng'oa na mizizi yote, choma, usitupe kwenye mboji. Minne iliyobaki usiipalilie kwa jembe, ukikata mizizi umefungua mlango. Na maji yasitiririke kutoka kwenye mashimo ya waliokufa.

Bi Mkubwa Kirumba
Mwanangu, kimbilia mbegu. Chagua mche mzima kabisa, nyanya iache iive mpaka ilainike. Kamulia mbegu na ute wake kwenye kikombe, siku mbili tatu, mpaka juu pafanye utando na ianze kunuka uchachu. Osha, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini kwenye sahani. Ukianika kwenye karatasi zinaganda. Hiyo si chotara, itazaa kama mama yake. Nyingine mrudishie mama Ukerewe, zako otesha kwenye ndoo, udongo utoe mahali pasipowahi kupandwa nyanya.

Mama wa Buswelu
Asante sana Bi Mkubwa, asante kaka. Mche wa pembeni kabisa una nyanya tatu, moja imeanza kugeuka rangi. Nimeifunga kitambaa chekundu watoto wasiichume.